Donda Lililokataa Kung'aa

Mume wangu alikuwa mwoka mikate, na kazi hiyo hakuichagua kwa kuipenda. Alizaliwa na ualbino, na babake, ambaye ni ammi yangu, aliona mapema kwamba mtoto huyo hataweza bahari wala shamba. Akampeleka kwa jamaa yetu mwenye bekari hapa Amu, mji wa Lamu, ajifunze kazi inayoanza kabla ya alfajiri na kwisha jua likiwa bado halijapanda juu ya mapaa. Huko alikulia. Tulipooana nilikuta mwanamume anayenukia unga na moshi, anayerudi nyumbani watu wengine wakitoka, na anayejua kila kichochoro kina kivuli upande gani na saa ngapi. Ijumaa alikwenda msikitini na mwavuli mweusi. Watoto wa wageni waliohamia walimwita zeruzeru, naye aliwaitikia salamu kana kwamba wamemwamkia.

Tulipata watoto wawili. Wa kwanza mvulana, sasa yuko Mombasa anasoma. Wa pili msichana, naye alitoka na ngozi ya babake. Mkunga aliponionyesha, nilimtazama mume wangu usoni nione atafanya nini. Alimwadhinia sikioni, akamrudisha kwangu, akasema, "Huyu nitamfundisha kutembea mimi. Mimi nazijua ndia za kivuli."

Donda lilianza kama kipele mbele ya sikio lake la kushoto. Alidhani ni cheche ya tanuri. Kikafanya gamba, gamba likaanguka, likaota jengine. Baadaye nikaona vidoa vyekundu shavuni na kipajini, vikavu, vya kukwaruza ukivipitishia kidole. Tulipaka mafuta ya hospitali, tukapaka na asali. Mwaka huo alikuja daktari wa ngozi kutoka bara kwa siku chache, akakata kipande kidogo akaondoka nacho. Majibu yalipofika tuliitwa sote wawili, na mtu akikuitia mkeo ushajua. Kansa ya ngozi. Bado iko juu juu, wakasema, ila msichelewe.

Tukaenda Nairobi. Mwana wa ndugu yangu ameolewa huko, akatupa chumba. Kwenye kiliniki tulipokewa na daktari mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini, ambaye kabla ya kumgusa mume wangu usoni alimwomba ruhusa. Alimtazama kwa muda mrefu kwa kioo cha kukuza.

"Hapa si doa moja," akasema. "Kuna hili la mbele ya sikio, na haya ya shavuni, na haya ya kipajini. Nikiyakata yote nitakuachia uso wa viraka. Kwa kuwa bado hayajazama, ningependa tuanze na dawa na mwanga."

"Mwanga gani?" mume wangu akauliza.

"Taa nyekundu. Kwanza nitakupaka dawa. Seli mbaya huinywa kwa pupa kuliko seli nzuri, na humo ndani dawa inageuka kuwa kitu kinachoziunguza kikipigwa na mwanga. Dawa peke yake haiziui, na mwanga peke yake hauziui. Mpaka vikutane."

Mume wangu alitabasamu kidogo. "Daktari, yua limenifukuza umri wangu wote. Yeo mwanambia niketi nimulikwe?"

"Huu hauna ukali wa jua," daktari akasema. "Lakini sitakudanganya, utauma."

Walimkwangua magamba, wakampaka dawa nyeupe, wakamfunika kwa karatasi ya fedha na bandeji, tukaachwa tukingoja katika chumba chenye pazia zito. Tulikaa humo hadi adhuhuri ikapita. Yeye alisinzia, kwa sababu hiyo ndiyo saa yake ya kulala tangu ujana. Mimi nilikuwa nikihesabu tasbihi bila kujua nimefika wapi.

Daktari aliporudi alimfungua, akamsafisha, akazima taa za chumba. Akawasha kitaa kidogo cha mkononi chenye mwanga wa samawati. "Mama, njoo uone," akaniambia.

Nikasogea. Katika lile giza, uso wa mume wangu ulikuwa na madoa yanayong'aa, mekundu ya kupauka, kama makaa yaliyofunikwa na jivu. Lile la mbele ya sikio lilikuwa kubwa kuliko nilivyolijua mchana. Na palikuwa na mahali pengine, karibu na jicho, ambapo mimi sikuwahi kuona kitu, napo palikuwa pakiwaka.

"Hiyo ni dawa," daktari akasema. "Panapong'aa pana ugonjwa, na ugonjwa umeshainywa. Sasa tunajua taa itafanya kazi."

Nilifurahi, na furaha hiyo ilinishangaza mwenyewe. Nilikuwa nautazama ugonjwa mzima ulivyokaa, mwanzo wake na mwisho wake, na nikaona kitu kinachoonekana kina mpaka.

Kisha wakamfunga macho, wakashusha taa kubwa. Mwanamume huyu alikuwa akitoa sinia tanurini kwa kitambaa chembamba tu, na mikono yake ilikuwa imejaa makovu ambayo hakuwahi kuyalalamikia. Lakini ile taa ilipowaka dakika chache, alishika ukingo wa kitanda mpaka vidole vikageuka rangi. Muuguzi alinipa feni ndogo ya mkononi. "Mpulizie hapo panapouma," akasema. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa. Nikasimama nampulizia, naye akisoma Yasini kwa midomo, na kila alipofika mwisho wa aya alikuwa ananong'ona, "Bado?" Namjibu, "Karibu." Sikuwa najua kama ni karibu.

Baada ya hapo alitakiwa asione mwanga mkali kwa siku mbili. Kwa yule mwana wa ndugu yangu tulifunga mapazia, tukazima balbu, nikawa namlisha kwa mwanga wa ukumbini uliopenya chini ya mlango. Uso ulikuwa umevimba kama umeumwa na nyuki. "Nimekuwa biarusi," akasema. "Nimewekwa ndani, bado kupakwa hina." Nilicheka mpaka mwenye nyumba akagonga kuuliza kuna nini.

Ule uvimbe ukashuka, magamba yakaanguka, na chini yake ikatoka ngozi mpya, laini, ya waridi. Tulirudi Amu. Alirudi bekari. Mamake, ambaye ni mama mkwe wangu na ndiye aliyenilea nilipofiwa na mamangu, alimpapasa shavu kwa mkono wake wote akasema, "Alhamdulillahi, pamekuwa kama pa mtoto." Karibu mwaka mzima tuliishi hivyo. Niliacha kumtazama kila akigeuka.

Lilirudi mahali pale pale. Kipele mbele ya sikio, kidogo kama punje ya mtama. Sikumwambia siku ile, naye hakuniambia, na baadaye ikajulikana kwamba sote tulikuwa tumekiona.

Tulipokwenda mara ya pili daktari hakuonekana kuwa na wasiwasi. Alisema ugonjwa huu hurudi, na kwamba mara nyingi mwanga wa pili humaliza. Alizima taa, akawasha kile kitaa cha samawati. Shavuni na kipajini paling'aa kidogo. Mbele ya sikio paling'aa pembeni tu, kama pete, na katikati pakabaki peusi. Daktari alikirudisha kitaa hapo katikati mara mbili. Nikamuuliza kama ni kitu.

"Pengine dawa haikuingia sawasawa," akasema. "Tutaona."

Taa ikawashwa, nami nikashika feni yangu. Safari hii hakuuliza "Bado?" Baadaye aliniambia haikumuuma sana, na alilisema hilo kama habari njema. Nililipokea hivyo hivyo.

Ya shavuni yakapona. Lile la sikio likanywea, likatulia kwa muda, kisha likaanza kukua haraka kuliko mwanzo, likawa na kingo ngumu na majimaji katikati. Tukarudi Nairobi kwa mara ya tatu, safari nzima ya basi akiwa amejifunga shali usoni, upande wa dirisha nikakaa mimi.

Daktari alimpaka dawa, tukangoja, akaja akazima taa. Akawasha kitaa.

Hapakuwaka kitu.

Alisogeza kitaa karibu. Akafuta kwa pamba yenye maji, akamulika tena. Akamwita muuguzi, wakazungumza kwa Kiingereza, wakampaka dawa mpya kutoka kwenye kifuko kipya, tukangoja tena upya. Kile chumba nilikuwa nimeshakijua, nilijua hata ufa wa dari unavyokwenda. Walipomulika mara nyingine niliona uzi mwembamba wa wekundu ukingoni, basi. Donda lenyewe lilikaa pale gizani kama kipande cha ukuta.

Daktari akawasha taa za chumba, akavuta kiti akaketi mbele yetu.

"Seli hizi hazifanani zote," akasema. "Mara ya kwanza tuliua nyingi, lakini tuliua zile dhaifu. Kumbe kati ya zote zilikuwepo chache ambazo zikinywa dawa zinaitema nje kabla mwanga haujafika. Hizo zilibaki. Nazo ndizo zilizozaa hili. Sasa donda zima ni kizazi cha zile zinazojua kutema."

"Kwa hivyo dawa ni mbovu?" nikauliza.

"Dawa ni ile ile, mama. Ugonjwa ndio umekuwa sugu."

"Basi mpakeni nyingi zaidi. Au mumwekee taa kali zaidi."

"Taa kali, na dawa haimo ndani, itaunguza ngozi nzima na kuiacha ile mbaya."

"Jaribuni tu mara moja."

Alinitazama kwa huruma, na nadhani angekuwa mkali ingenifaa zaidi. Mume wangu akaweka mkono wake juu ya wangu. "Mwache daktari," akasema. "Ashasema."

Nje ya kiliniki ilikuwa mchana wa jua kali. Nilimfungulia mwavuli. Tukapita upande wa kivuli mpaka tukafika nyumbani kwa mwana wa ndugu yangu.

Kilichobaki kilikuwa kisu, na kisu kilikuwa na foleni. Tuliandikishwa, tukaambiwa tutapigiwa simu, tukarudi Amu kungoja. Hapo ndipo watu wote wanaotupenda walipoanza kusaidia, na kila msaada ulinichosha. Jirani yetu mwenye duka la dawa aliniita pembeni akauliza kwa upole kama mume wangu aliikatiza dozi, kwa sababu vidonge vya malaria na vya kifua kikuu huwa sugu mtu akiviacha katikati. Nilimweleza kwamba hii haikuwa dozi ya kumeza. Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba amesikia, lakini siku ya pili mkewe naye akaniuliza lile lile. Shangazi mmoja alileta habbat soda. Mwengine alileta majani ya kusaga kutoka Pate. Mama mkwe alimwendea mwalimu akamwandikia kombe, aya za Qur'ani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, na asubuhi nikaliosha kwa maji ya mawaridi, nikampa mume wangu anywe. Alikunywa kila alichopewa. Hakubishana na mtu. Ila siku moja, nikimfungua bandeji, alinishika kiganja.

"Kila asubuhi wewe walitazama hili donda," akasema. "Kisha wanitazama mimi. Nami naona usoni mwako limefika wapi. Naomba yeo usinitazame."

Nikamwambia mimi ndiye ninayelisafisha, sina budi kulitazama.

"Basi lisafishe, na uso ufanye kama wewe waosha vyombo."

Nilijaribu. Nilijifunza kukaza uso. Harufu ilipoanza nilichoma udi asubuhi na jioni, hata asiyekuja kumwona mgonjwa akidhani tuna harusi.

Binti yetu wakati huo alikuwa na miaka kumi na moja. Alikuwa akija kutoka madrasa anakaa kwenye daka, hapo kwenye viti vya mawe mlangoni, ili asiingie moja kwa moja chumbani. Siku moja nilipokuwa nampaka mafuta ya kuzuia jua kabla ya kwenda shule aliuliza, "Na mimi nitawekwa taa?"

"Wewe ukijipaka vizuri na ukivaa kofia, hutaihitaji," nikasema.

"Baba hakujipaka?"

Zamani hizo za utoto wa babake hakuna aliyejua mafuta hayo. Nilimwambia hivyo. Akafikiri.

"Na nikiihitaji, yangu itang'aa?"

Nikaendelea kumpaka shingoni, nyuma ya masikio, juu ya vidole vya miguu mahali pasipofunikwa na ndara. Yeye hakurudia swali. Nilitamani angerudia, labda mara ya pili ningepata la kusema.

Simu ilipopigwa, donda lilikuwa limeshazama. Walimkata sikio lote na sehemu ya shavu, wakachukua ngozi ya paja wakaziba. Nilimwona baada ya bandeji kufunguliwa. Nilikaza uso kama nilivyofundishwa. Alinitazama akasema, "Umejua sasa," akimaanisha uso wangu.

Kwa miezi kadhaa tulidhani tumelitoa. Hakusikia vizuri upande ule na joto la tanuri lilimchoma ngozi mpya, hivyo bekari hakurudi. Alikaa ukumbini, akimsikiliza binti yetu akihifadhi sura zake, akimrekebisha matamshi. Mtoto aliwekwa upande wa sikio zima. Akikosea, babake alikuwa anagonga goti lake mwenyewe mara moja, basi. Mchana wote, siku zile, nilikuwa jikoni natega masikio nisikie goti likigongwa. Likikaa kimya muda mrefu nilijua anasoma vizuri.

Kisha likatoka tezi chini ya taya. Daktari yule yule alilibonyeza kwa vidole viwili, na kabla hajasema chochote nilijua, kwa sababu alirudisha mkono polepole sana.

"Zile zilizobaki zimetembea," akasema. Akatueleza kuhusu mionzi, na kuhusu dawa nyingine ya mshipani ambayo labda ingesaidia kidogo na labda isingesaidia. Mume wangu alimuuliza, kwa adabu, kama na hiyo inaweza kufanywa sugu.

"Inaweza," daktari akasema.

"Ni hizo hizo zinazotema?"

"Zinaweza kuwa hizo hizo. Siwezi kujua mpaka tujaribu."

Tulijaribu mionzi. Ilimkausha mate, chakula kikamshinda. Alipokonda mpaka pete ikawa inamtoka, aliomba turudi nyumbani, na daktari hakumzuia. Alitupa dawa ya maumivu na namba yake ya simu, akamsindikiza mume wangu mpaka mlangoni. Pale mlangoni alimwambia, "Nisamehe." Mume wangu akamjibu, "Kwa lipi?" Nilikuwa nimesimama na mwavuli mkononi, na nilijua kwamba mimi, moyoni, nilikuwa nikingoja mtu aseme neno hilo, yeyote yule. Liliposemwa halikunisaidia kitu.

Alikufa baada ya alasiri, mwezi wa Shaabani, nikimlisha uji kwa kijiko cha mtoto. Mama mkwe alikuwa ameketi upande wa miguu. Mvulana wetu alikuwa amefika siku mbili nyuma. Mume wangu aliacha uji ukatoka pembeni ya mdomo, nikaupangusa, nikachota mwengine, ndipo mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, weka kijiko."

Wanaume walimwosha. Kaka yangu mmoja aliyekuwemo aliniambia baadaye kwamba walipofika usoni walipunguza maji, wakawa wanamwosha kwa mkono mtupu. Nilimshukuru kwa kunieleza.

Sasa nimekaa eda. Nyumba imefungwa madirisha ya barabarani, na mimi sitoki. Wanawake huja, wanasoma, wanakwenda zao. Mama mkwe hulala kitanda cha pili katika chumba changu, na usiku nasikia anavyogeuka.

Binti yangu ameanza tena shule. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka, na baba yake kabla yangu, kwa zile ndia zake za kivuli. Sasa anakwenda na jirani, mtu mwema, lakini mwenye haraka, anayepita katikati ya uwanja kwa sababu ndiko karibu. Nimemweleza. Amesema atajitahidi. Juzi mtoto alirudi pua imekuwa nyekundu, na mgongo wa shingo vilevile. Nilimweka kitambaa cha maji baridi.

"Kofia ilikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Ilipeperuka."

"Hamkuirudia?"

"Alisema tumechelewa."

Nikamgeuza kwenye mwanga wa kiwanda, pale uwazi wa katikati ya nyumba, nikamtazama uso wote, polepole, kwa kidole. Sikuona kitu isipokuwa ngozi iliyounguzwa na jua, ambayo itabambuka na kupona. Nikamwambia hivyo, naye akaniamini. Kesho yake asubuhi nilimpaka mafuta mara mbili, nikamfunga mtandio juu ya kofia mpya, nikamfikisha hadi daka. Jirani alikuwa akingoja kichochoroni. Mlango ukafungwa. Nikabaki ndani, nimeshika kopo la mafuta, nikisikiliza viatu vyao vinaelekea wapi, kama ni kwenye kivuli au uwanjani, na kutoka pale sikuweza kujua.